Nyumba na Wadai Wake: Utangulizi wa Elimu ya Uwekevu wa Kaya

Swali lililozaa elimu hii ni dogo, na hakuna mwenye familia asiyewahi kujiuliza: chakula kikishapatikana, ada ikilipwa na dawa zikinunuliwa, hizi pesa chache zilizobaki ziende wapi? Katika miji ambako nyumba hununuliwa kwa mkopo wa benki, jibu limeandikwa hadi likachosha: zipelekwe kwenye deni la nyumba, liishe kabla ya wakati wake. Huko Lokandu, mji mdogo wa kando ya mto Lualaba, kaskazini ya Kindu katika mkoa wa Maniema, nyumba hazijengwi kwa mkopo wa benki. Hata hivyo ni Lokandu ninakotaka tuanzie. Mwanafunzi akianzia mahali ambapo deni la nyumba lina mkataba, muhuri na ratiba, atadhani kwamba uwekevu ni hesabu tu. Akianzia mahali pasipo na mkataba, atalazimika kuuliza kaya inadaiwa na nani, na nani ndani yake anayelipa.

Lakini hesabu nayo tuijue, maana asiyeielewa hataona ugomvi uko wapi. Chukua mfano wa mkopo wa dola 10,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ulipwe kwa miaka 10, kiasi kilekile kila mwezi. Familia italipa takriban dola 180 kwa mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, dola 150 ni riba. Deni lenyewe limepungua dola 30 tu. Hadi mwisho wa miaka 10 zitakuwa zimetoka zaidi ya dola 21,600. Sasa familia hiyohiyo ijibane, ilipe 230 badala ya 180. Deni linakwisha kabla ya miaka 6 kutimia, na jumla iliyotoka ni kama dola 16,300. Hizo dola 50 za kila mwezi zimeokoa zaidi ya 5,000. Juu ya hesabu hiyo kumejengwa maandishi chungu nzima ya kubana matumizi: punguza nyama, tia kiraka nguo ya mwaka juzi, tembea kwa miguu, na kila ulichookoa kipeleke benki siku hiyohiyo kabla hakijapata mguu.

Hesabu ni sahihi. Ugomvi wangu ni na vitu ambavyo inachukulia kuwa vipo: mshahara unaofika kila mwezi, sarafu isiyoyeyuka mkononi, hati ya ardhi inayoweza kuwekwa rehani, na mdai mmoja mwenye jina na anwani. Lokandu vitu hivyo ni adimu, na watu wanajenga. Wanajengaje? Kitabu hiki kizima kimo ndani ya swali hilo.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba mji huu wa msituni ni mgeni wa mambo ya mkopo. Katika karne ya 19 mahali hapa palijulikana kama Riba-Riba (wanaotaka kuiona riba ndani ya jina hilo nawaomba wapite), na palikuwa kituo cha wafanyabiashara waliokuja na Kiswahili chao kutoka upande wa Zanzibar. Biashara yao yote ilisimama juu ya deni. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, aliingia bara na mali aliyokopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyekaa Zanzibar. Nguo na shanga zilitolewa kwa mkopo pwani, na malipo yakarudi baada ya miaka kwa pembe za ndovu. Wakopeshaji na wakopaji wameandikiwa vitabu. Watu wa Maniema waliotekwa ili pembe zibebwe na deni lilipwe hawakuandikiwa. Mwaka 1892 Mbelgiji Arthur Hodister, aliyetaka nafasi katika biashara hiyo ya pembe, aliuawa pande za Riba-Riba, na mwaka uliofuata kamanda Chaltin akafika na askari wa dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Naitaja historia hii kwa sababu moja: deni lililosainiwa Zanzibar lililipwa na mtu ambaye hakulijua. Jambo hilo tutalikuta tena, kwa umbo dogo na la upole zaidi, ndani ya nyumba ya vyumba vitatu.

Baada ya pembe, mtoni kulibaki uchumi mwingine ambao wanazuoni wa kiuchumi wameupita bila kugeuka. Mwanaanthropolojia Mjapani Yuji Ankei alichapisha mwaka 1984 utafiti wake juu ya masoko ya Wasongola, watu wa msitu wa pande hizi za Lualaba. Wavuvi wa mtoni na wakulima wa msituni walikutana kubadilishana mali kwa mali, na samaki alishika nafasi ya pesa. Wanafunzi wangu wakiisoma makala hiyo hucheka kwanza, kisha hunyamaza, kwa sababu ndani yake mna swali gumu. Pesa inayooza inawekwaje? Samaki aliyekaushwa vizuri hudumu, lakini hadumu miaka. Mwenye wingi wa samaki leo analazimika kuugeuza haraka uwe kitu kingine: mihogo, chungu, mbuzi, au fadhila kwa jirani ambaye kesho wavu wake ndio utakaojaa. Fadhila haiozi upesi. Basi akiba ya namna hii imo ndani ya watu, na mtu akihesabu vilivyomo ndani ya nyumba tu ataandika kwenye daftari lake kwamba familia haina kitu.

Wakati huohuo noti nazo zilikuwa zikioza, na hazikuhitaji hata jua. Serikali ya kikoloni ilianzisha hazina ya akiba mwaka 1950, ile ambayo leo inaitwa CADECO. Mwalimu au karani aliyeamini noti zake au kijitabu chake cha akiba alikuja kupata somo mara mbili. Mwezi Desemba 1979 utawala wa Mobutu ulizifuta noti za zaire 5 na 10, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, na kiasi cha kubadilisha kikawekewa mpaka; mtu wa kijijini aliyehifadhi noti chini ya godoro, mbali na tawi la benki, alibaki na karatasi. Kisha Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani, na mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Faranga ya Kongo ilipoanza kutumika mwaka 1998, moja ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Zidisha: faranga moja kwa zaire za zamani bilioni 300.

Nakuomba usimame hapa, kwa kuwa ndipo ushauri wa kawaida unapopinduka. Mwaka 1971 Zaire ilianzisha CNECI, hazina ya taifa ya akiba na mikopo ya nyumba. Mfikirie mtu wa Kinshasa ambaye mwaka 1991 alikuwa bado anadaiwa nyumba yake kwa zaire, na deni halikufungwa kwenye dola. Je, ajibane, anyime watoto nyama, amalize mapema? Huo ungekuwa upumbavu. Angengoja miaka mitatu, angelilipa deni lote kwa bei ya mkate. Aliyeweka akiba ndiye aliyenyang'anywa, na mwenye deni akasamehewa bila kuomba. Sasa geuza tena. Leo sehemu kubwa ya mikopo ya benki nchini Kongo hutolewa kwa dola, na wengi hupokea mshahara kwa faranga. Kati ya mwanzo wa 2016 na mwisho wa 2017 dola ilipanda kutoka kama faranga 930 hadi karibu 1,600. Kwa mtu mwenye deni la dola katika miezi ile, kila faranga aliyowahi kuipeleka benki mapema ilikuwa baraka. Kitendo kilekile, nchi ileile, kimekuwa ujinga kwa mmoja na hekima kwa mwingine, kwa sababu ya sarafu iliyoandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo nikikutana na kitabu kinachotoa kanuni moja ya uwekevu kwa wanadamu wote, nakifunga.

Juu ya sheria nitasema kidogo, ingawa wanasheria watanilaumu. Sheria ya ardhi ya Kongo ni ya tarehe 20 Julai 1973, ikarekebishwa 1980. Inasema ardhi ni mali ya Dola peke yake. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na cheti cha usajili. Rehani hutengenezwa juu ya cheti hicho. Kuhusu ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji, sheria iliahidi kwamba amri ya rais ingekuja kuzipangia haki zake. Amri hiyo haikutolewa. Mwenye kiwanja Lokandu, parsele aliyopewa na mjomba au na mkuu wa eneo mbele ya mashahidi, anajulikana na kila mtu kuwa mwenye kiwanja, isipokuwa na benki.

Basi nyumba inalipwaje? Jibu langu, na ndilo nitakalolitetea katika sura zote, ni kwamba hulipwa kabla haijakuwapo. Mwenye mkopo wa benki hulala ndani kwanza, akalipa baadaye. Huku mtu hulipa kwanza, kwa vipande, miaka mitano au kumi, akaja kulala mwisho. Kinacholipwa hakiitwi deni, lakini kina tabia zote za deni, na kuharakisha kukimaliza kuna faida zake na mitego yake.

Hatua zenyewe zinaonekana kwa mpita njia. Kiwanja husafishwa na kupandwa migomba, ili mtu mwingine asije akadai kwamba ni kichaka. Udongo hukandwa na matofali hupigwa katika miezi ya mvua chache, tofali kwa tofali, na watoto wakirudi shule huenda kuyageuza yakauke pande zote. Mwenye uwezo huyachoma katika tanuru; asiyeweza huyajenga mabichi na kuyapaka lipu ya udongo. Kisha huja kazi ndefu ya manjanja, kama mabati yanavyoitwa huku. Hayatoki Lokandu. Yanafika Kindu kutoka mbali, kwa reli isiyoaminika ya kusini au kwa ndege, na kutoka Kindu yanashuka mto kwa mtumbwi au yanasukumwa juu ya kinga, baiskeli iliyotiwa gongo refu la kushikia. Kila kilomita imo ndani ya bei. Mtu hununua mawili baada ya kuuza mpunga, moja baada ya kuuza mafuta ya mawese, na huyalaza chini ya kitanda. Saruji ni hadithi nyingine ya bei, na wengi huiacha kwa sakafu ya sebule tu, tena baadaye.

Mtu wa benki akiona mabati 11 chini ya kitanda atasema: hii ni mali iliyolala, haizai. Kweli haizai. Hata inapungua: bati hushika kutu, tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo, na mwizi yupo. Tukiandika kwa lugha ya benki, hii ni akiba yenye riba ya kinyume. Lakini tazama inachokinga. Faranga ikianguka, bati halianguki nayo. Shemeji akija usiku na shida yake, pesa zilizomo mfukoni zitatoka, maana kumnyima ni aibu. Bati halikatwi vipande kumpa mtu nauli. Mwenye nyumba anaweza kusema "sina" bila kusema uongo. Katika mkopo wa benki kinachomlazimisha mtu ni hofu ya kunyang'anywa. Hapa mtu hujifunga mwenyewe kwa kununua kitu kigumu kuuzika. Naona ustadi mkubwa katika hilo, mkubwa kuliko ule wa kukata vocha za punguzo dukani, na vitabu vya uwekevu haviutaji.

Kwa vitu ambavyo havinunuliki kipande kipande kuna likelemba: watu kadhaa huchanga kiasi kimoja kila juma au kila mwezi, na kila mara mmoja wao hupokea chote. Kenya wangesema chama cha mzunguko, Tanzania upatu. Aliyepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba. Aliyepokea wa mwisho amewawekea wenzake akiba bila faida. Kwa nini mtu akubali kuwa wa mwisho? Kwa sababu anachokinunua ni ule ulazima wenyewe: Jumamosi ikifika, mchango unatoka, hata kama nyumbani kumekuwa na mgeni. Karibu na likelemba siku hizi vimeenea vikundi ambavyo mashirika huviita AVEC. Mfano wake ulibuniwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991. Wanachama 15 hadi 25, sanduku la chuma lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, hisa zinazogongwa muhuri kwenye kijitabu, mfuko mdogo wa misiba, mikopo yenye riba inayorudi kwa wanachama wenyewe, na baada ya miezi 9 hadi 12 sanduku linafunguliwa na kugawanywa. Mgawo ukipangwa vizuri huangukia msimu wa kununua mabati au mwezi wa Septemba shule zinapofunguliwa. Wengine hupenda kuyasifu makundi haya kana kwamba yamefuta umaskini. Hayajafuta. Yamepanga tu siku ya pesa kuonekana, na katika kaya ambayo pesa zote huja kwa kushtukiza, hilo si jambo dogo.

Upande wa pili wa barabara yuko mkopeshaji wa mtaani, ambaye Wakongo kwa mzaha humwita Banque Lambert. Anatoa leo, hana fomu, na mwezi ukiisha anataka mkopo wake na sehemu kubwa juu yake. Kwa deni lake hesabu ya ukurasa wa kwanza inafanya kazi vizuri mno: likimalizwa leo badala ya kesho, kaya imepona. Ndiyo maana mwenye busara huuza mabati mawili, kwa hasara, akamlipa yeye kwanza. Kaya hujua kuwapanga wadai wake vizuri kuliko sisi tunavyojua kuwapanga katika majedwali.

Nimetaja wadai kwa wingi. Nyumba ya Lokandu haina rehani lakini haikosi wadai. Mjomba aliyetoa kiwanja anatarajia chumba kwa mwanawe akija kusoma. Kaka aliyepeleka pesa kutoka machimbo ya Kalima anahesabu mabati yake. Wakwe wanangojea mahari iliyobaki na wanaona paa jipya kutoka mbali. Hao hawana ratiba, na deni lao halina mwisho wa kuandikwa, wala mwenye nyumba hataki liishe. Hapa napishana na wenzangu wanaofundisha kwamba ndugu ni kodi inayotozwa mtu mwenye bidii. Vita vilivyoanza Agosti 1998 viliifikia Kindu mwezi Oktoba mwaka huo, na watu waliokimbilia msituni hawakubeba matofali. Walipokewa na watu waliokuwa wamewahi kuwapa kitu. Familia iliyojenga haraka kwa kuwanyima wote ilikuwa na nyumba nzuri mjini, na porini haikuwa na mlango wa kubisha. Ukimwuliza mtu aliyepita humo kama kumalizana mapema na wadai wote ni jambo jema, atakutazama kwa muda kabla ya kujibu.

Lakini nisije nikaipamba kaya hadi ionekane jumuiya ya malaika. Vitabu vya uwekevu hupenda kauli "tulijibana". Kazi ya mtafiti ni kuuliza nani hasa alijibana. Takako Ankei, aliyefanya utafiti kwa Wasongola pamoja na Yuji, alichapisha mwaka 1990 kitabu juu ya upishi wao. Sijui kitabu cha uchumi wa kaya wa Maniema kinachofaa zaidi, ingawa mwandishi hakukiita hivyo, kwa sababu upishi ukielezwa hatua kwa hatua huonyesha saa zinakokwenda. Sombe ni chakula cha bei nafuu: majani ya muhogo wa shambani, mafuta ya mawese kidogo, chumvi. Ni nafuu kwa faranga. Kwa mikono si nafuu: kuchuma, kutwanga hadi yalainike, kuchota maji, kutafuta kuni, kuchemsha muda mrefu. Muhogo mchungu hulowekwa siku kadhaa kabla haujawa salama kuliwa. Mchele ukitwangwa nyumbani badala ya kupelekwa mashineni, pesa ya mashine imeokolewa na mabega ya mtu yamelipa. Kaya inapotangaza kwamba mwaka huu tumenunua mabati sita kwa kubana jikoni, mara nyingi mama na mabinti ndio waliokopesha hayo mabati sita, kwa saa zao, bila kuandikwa popote. Na jina la mwenye nyumba? Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa shughuli za kisheria. Marekebisho ya 2016 yaliliondoa sharti hilo. Kati ya gazeti la serikali na mtaa, hata hivyo, kuna safari, na mjane ambaye matofali yake yamo ukutani anaweza kuambiwa na ndugu wa marehemu kwamba nyumba ni ya ukoo.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: mkitaka kupima uwekevu, msianze na kilichobaki, anzeni na saa za waliochoka.

Wapo wanaoamini kwamba haya yote ni ya muda, kwamba hati zikitolewa na benki zikifika, Lokandu itakuwa na mikopo ya nyumba kama kwingine. Majirani wametangulia kujaribu. Kenya ilianza kupima na kuandikisha mashamba kwa Mpango wa Swynnerton wa 1954, kwa tumaini kwamba hati itazaa mkopo na mkopo utazaa maendeleo. Parker Shipton, aliyewatafiti Waluo kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2009 kitabu chake *Mortgaging the Ancestors* kueleza kwa nini tumaini hilo lilikwama: shamba lenye makaburi ya wazee halichukuliki kirahisi na benki wala halinunuliki kwa raha na jirani. Hata katika miji ya Kenya, yenye benki nyingi na mtaji, benki kuu ilihesabu mikopo ya nyumba isiyofika 30,000 mwaka 2022, katika nchi ya watu wapatao milioni 50. Tanzania ilikuwa na Benki ya Nyumba yake tangu mwanzo wa miaka ya 1970, nayo benki hiyo ikafungwa 1995. Sisemi kwamba mikopo haitakuja. Nasema kwamba kujenga kwa vipande ndiyo kanuni ya Afrika Mashariki na Kati, na mkopo wa benki ndio wa pembeni, huku vitabu vikiendelea kuandikwa kinyume.

Kuhusu kusoma, nitawapa njia fupi. Mwanzoni kuna Chayanov, Mrusi aliyeonyesha mwaka 1925 kwamba kaya ya mkulima hupima jasho dhidi ya midomo ya kulisha, si faida dhidi ya mtaji, msomeni polepole. Kisha kuna ubishi wa Clifford Geertz na Shirley Ardener. Mwaka 1962 Geertz aliviona vikundi vya mzunguko kama ngazi ya katikati, ya kupandia kwenda benki. Ardener, mwaka 1964, alikusanya mifano mingi na hakuwa na haraka ya kuvitabiria kifo. Mimi niko na Ardener: karani wa Kinshasa mwenye akaunti ya benki bado anacheza likelemba, na ana sababu. John Turner, katika kitabu chake cha 1976 juu ya makazi, anasaidia kuona nyumba kama tendo linaloendelea. Na *Portfolios of the Poor* cha 2009, kilichofuata daftari za pesa za zaidi ya familia 250 katika Bangladesh, India na Afrika Kusini, kinafundisha jinsi ya kutazama pesa zinavyopita, badala ya kuuliza ngapi zimebaki.

Njia hiyo ya daftari ndiyo nitakayokuomba uitumie ukienda. Usimwulize mtu wa Lokandu ana akiba kiasi gani. Atakudhania mtoza kodi, na hatakosea sana. Kaa, msalimie Papa, msalimie Mama, uliza habari za watoto mmoja mmoja, kisha uliza tofali lile la kona lilipigwa mwaka gani na nani aliligeuza. Ukuta utakueleza mapato ya miaka kumi. Pale rangi ya tofali inapobadilika, uliza kulikuwa na nini: ugonjwa, mtoto aliyeingia sekondari, mwezi ambao mpunga ulikosa mnunuzi. Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi katika shule za serikali ilipotangazwa kuwa bure, je, pesa za ada zilihamia kwenye paa au zilikwenda kwingine? Swali hilo linaweza kujibiwa kwa kuhesabu mistari ya matofali, na lingekuwa tasnifu nzuri.

Jingine ni la simu. Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, na mtandao unapofika, kaka wa Kalima hahitaji tena kumpa dereva bahasha. Pesa za simu hazishiki kutu na hazinyeshewi. Lakini zinaombeka: ndugu aliyeko mbali, ambaye zamani asingefika kwa mtumbwi, sasa anapiga simu saa mbili usiku. Je, mabati chini ya vitanda yataongezeka au yatapungua? Nina dhana yangu, nayo ni kwamba yataongezeka, lakini sura ya tano itampa nafasi anayebisha.

Sura ya kwanza inahusu kiwanja. Tunaanza nacho kwa sababu ndicho kitu pekee katika nyumba ambacho familia haikukitengeneza kwa mikono yake wala kukinunua, na kwa hiyo ndicho chenye mdai wa kwanza.